Biskuti za Mama Mkubwa

Al Khoudh, Muscat, Alkhamisi baada ya Laasiri

Thuraya mwanangu,

Begi lako kubwa liko wazi chumbani na wewe umetoka na baba yako kwenda kuaga. Mtaanzia Hamriya kwa fundi anayekubadilishia zipu ya begi dogo, kisha kwa Mjomba Khalfan, na nnavyomjua mke wake hakuachii mpaka umekula. Kwa hivyo nna wakati. Nimekaa kwenye meza ya kulia na chai yangu imeshapoa.

Ya koti la baridi, ya sala, ya kutolala na njaa, ya watu wa kuandamana nao, hayo nimeyasema mpaka ukawa unanimalizia maneno. Sitayarudia. Nataka kukupa khabari ambayo ni haki yako na mimi nimeikalia kwa miaka mitatu. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unacheka, sikutaka kukukatiza. Mara ya pili niliogopa tu.

Naanza na Ijumaa iliyopita, pale kwenye chakula. Mjomba wako alileta maneno ya watu waliokamatwa na hashishi, akasema wanyongwe wote, wa kingi na wa kidogo. Wewe ukamjibu kwa adabu lakini ukamjibu. Ukasema huko Kanada unakokwenda kusoma, bungeni kwao wanabishana kama ipo maana ya kumfunga mtu kwa msokoto mmoja wa bangi, na Uholanzi watu wananunua dukani kama wanavyonunua kahawa, na mgonjwa Kanada anapewa ruhusa na serikali yenyewe. Ukauliza vipi kitu kimoja kiwe dawa upande huu wa bahari na kamba ya shingo upande wa pili. Baba yako akainuka na wali bado uko mkononi, akenda kunawa, hakurudi. Ulinifuata jikoni baadaye ukaniuliza kama umemuudhi.

Hukumuudhi. Ulisema maneno ambayo yalishasemwa ndani ya nyumba hii, na aliyeyasema alikuwa Mama Mkubwa wako Zuwena.

Wewe ulimpenda bila ya kumjua sana. Ni dada yangu wa tumbo moja, mkubwa kwangu. Wazee walipohamia Muscat mimi nilikuja nao, yeye akaolewa na mtu aliyempeleka Toronto, na huko akafanya kazi kwenye jiko la nyumba ya kulelea wazee mpaka akafiwa na mumewe. Hakujaaliwa mtoto. Wewe ndiye uliyekuwa mtoto wake, kwa simu ya kila Jumapili. Saratani ilipomuingia kwenye mifupa alinipigia, sauti yake ya kawaida kabisa, akasema, "Rahma, nimechoka kuumwa kwa Kiingereza. Nataka kuja kwako." Sikumuuliza mume wangu. Nilimwambia njoo.

Alifika kiangazi kile ulichokuwa unangoja kuanza sekondari. Baba yako alitoka kazini moja kwa moja kwenda kumpokea, amevaa sare yake ya polisi, na akakisukuma kigari cha mizigo kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu shemegi yake alikuwa hawezi. Ndani ya sanduku la Zuwena mlikuwa na zawadi zenu, nguo zake, dawa zake za hospitali, na bati la buluu la biskuti.

Bati lile lilinikera kabla sijajua lina nini. Kila siku baada ya Laasiri akitoa biskuti moja, akiivunja, akila nusu na chai, kisha akilirudisha bati sandukuni na kulala. Hakumkaribisha mtu. Wewe mwenyewe ulishanambia, Mama Mkubwa mchoyo wa biskuti, tukacheka. Wiki ya pili nikamtania nikamuuliza kama huko Kanada ndiko alikojifunza kula peke yake. Akanambia nifunge mlango.

Alinieleza bila ya kuzunguka. Biskuti zilipikwa kwa siagi iliyochemshwa na bangi. Alizipika mwenyewe, jikoni kwake. Daktari wake alimwandikia, na serikali ya huko ikampa karatasi ya ruhusa yenye jina lake, akanionyesha. Vidonge vya hospitali vilikuwa vinamtapisha hata maji, na mtu asiyekula hata mwezi hamalizi. Nusu biskuti ilimpa usingizi na hamu ya chakula. Hakuwa amewahi kuvuta maishani mwake, alisema, na wala hataki kuiona sigara ya bangi.

Niliufunga mlango kwa ufunguo. Nyinyi mmekulia kwenye mtandao, mnasoma mambo haya kama mnavyosoma khabari za mpira. Sisi Unguja, mtu akiitwa mvuta bangi alikuwa haingii nyumbani kwa watu. Na hapa, mume wangu polisi. Nilimuuliza karatasi yake ina maana gani Muscat. Akajibu kwamba haina maana hata nje ya uwanja wa ndege wa Toronto. Ruhusa ya kuitumia alikuwa nayo, ya kuitoa nje ya nchi hakuwa nayo, na alilijua hilo alipofunga sanduku. Sitaki umfikirie kama mtu aliyedanganyika. Alikuja na jambo lile akijua.

"Kule wananiuliza naumwa wapi," alinambia. "Hapa wataniuliza nimeipata wapi. Nimechagua kuja hapa, Rahma, kwa sababu nyinyi mko hapa. Lakini sikuweza kuja bila ya hizi."

Nikamwambia azitupe. Hakubishana nami. Aliliweka bati chini ya kitanda akasema basi, hali tena. Siku ya kwanza aliniambia hajambo. Siku ya pili alikuwa ameuma ukingo wa mto mpaka kitambaa kikatatuka, na mchuzi wa samaki niliomtilia ulimtoka puani. Mimi ni mwalimu wa hisabati, watu wananijua kwa kutopindisha. Siku ya tatu nilimpelekea chai mwenyewe, nikainama, nikalitoa bati chini ya kitanda, nikamvunjia biskuti kwa mkono wangu.

Sikumwambia baba yako. Nikitaka uielewe sababu, lazima nikukumbushe Yiti.

Ulikuwa mdogo bado, na yeye alikuwa doria ya barabarani. Alisimamisha gari njia ya Yiti, ndani vijana wawili, na chini ya kiti kipande cha hashishi kidogo kama kokwa ya tende. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu tunayemjua. Akawapeleka kituoni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Baba wa yule kijana akaja nyumbani kwetu, akakaa pale anapokaa babu yako, nikamwekea kahawa na halua, na mtu mzima yule akalia mbele yangu. Alimwomba baba yako aseme kwamba hakukiona kipande kile. Baba yako alimjibu, "Amu, nimeshakiona." Kijana alifungwa. Alipotoka hakuwa tena mtu wa kutazamana na watu, na yule mzee mpaka leo akituona sokoni anavuka upande wa pili. Mwenzake, kwa upande wake, alitoka akarudi kuvuta, akavuta mpaka akawa anazungumza na ukuta. Mama yake alikuwa ananiomba nimsomee Kurani kichwani. Kwa hiyo unaposema ni majani tu, mwanangu, mimi nimeona majani yanavyomfanya mtu.

Sasa ningekwenda vipi kwa Nassor, mume wangu, nikamwambia kipande kile cha kokwa ya tende kimemfunga mtoto wa watu, na ndani ya nyumba yako mna bati zima? Angelazimika kuchagua. Ama amtoe shemegi yake mgonjwa, ama awe mtu anayewafunga wengine na kuwaficha watu wake. Nilijiambia namwepusha. Ukweli ni kwamba sikuwa tayari kuona angechagua nini.

Halafu nikafanya kosa lililo langu peke yangu. Binamu zako walikuwa wakija, wanaingia chumbani kwa Mama Mkubwa, wanapekua sanduku kutafuta peremende za Kanada. Nikaona bati lile litafunguliwa siku moja. Nikazitoa biskuti nikazitia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, nikaliweka jikoni kwenye kabati la juu, nyuma ya mfuko wa dengu. Nilijiona nna akili. Zuwena alinikataza. Aliniuliza, zikionekana jikoni, atashikwa nani. Unamkumbuka Mariamu, dada wa Tanga aliyekuwa akitufanyia kazi. Jiko lilikuwa lake. Nilimjibu dada yangu kwamba hazitaonekana, na sikulifikiria neno lake tena mpaka nilipolazimika.

Bati la buluu wewe usingeligusa. Ulijua ni la mgonjwa. Kopo la maziwa ni la nyumba nzima.

Ile siku unaikumbuka kwa jina nililokupa mimi, siku ya sumu ya chakula. Uliamini ni kababu za njiani, na mpaka leo huzili. Haikuwa kababu. Ulirudi mchana kutoka kwenye masomo ya Kiingereza ya likizo, una njaa, chakula hakijaiva, ukapanda kiti. Mariamu alikuwa anapiga pasi chumba cha pili. Ulikula biskuti tatu. Dada yangu, mtu mzima mwenye mifupa inayovunjika, alikuwa akila nusu.

Mimi nilikuwa chumbani na Zuwena, namsuka nywele chache zilizobaki. Ulikuja mlangoni ukasema, "Mama, mikono yangu iko mbali." Ulikuwa unaitazama kama si yako. Nikadhani mchezo. Kisha ukakaa chini pale pale, ukaanza kulia kwamba moyo unakwenda mbio, kwamba unakufa, unanishika nguo unasema nisikuache ufe. Zuwena alikuuliza umekula nini. Ukasema biskuti za kwenye kopo, zina ladha ya mchicha.

Tulitazamana, mimi na yeye. Sijapata kuliona tena jicho kama lile.

Ulitapika, ukatapika tena, halafu ukanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonitisha zaidi. Tulikulaza kitandani kwake. Macho yalikuwa mekundu, nikikuita unafungua kidogo unafunga. Mariamu alikuja na ndoo na kitambaa. Akakushika miguu, akasema ya baridi. Akanigeukia: "Mama Thuraya, huyu mtoto apelekwe hospitali. Niite teksi?"

Nikamwambia ngoja.

Zuwena alikuwa ameshainuka. Mtu ambaye asubuhi ile nilimsaidia kukaa kitako, aliinuka peke yake, akavaa buibui lake, akatoa karatasi yake ya Kanada na pasipoti, akenda kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa nje. Akasema, "Mpeleke. Daktari akuulize kala nini, mwambie. Waambie ni zangu, na mimi niko hapa, nawangoja."

Nikamwambia watamfunga. Akasema anajua. Nikamwambia atafia ndani, kwenye sakafu, bila ya dawa. Akasema, "Mimi nakufa kwa vyovyote. Huyu asife." Nikamwambia Nassor atafukuzwa kazi, na polisi watamuuliza Mariamu kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli. Kila moja lilikuwa kweli, na nilikuwa nimesimama kati ya kitanda cha Zuwena na simu ya ukutani nikizisema kweli zangu, na wewe umelala pale huitiki vizuri.

Nataka uijue sehemu hii kama ilivyokuwa. Mimi sikujua kama bangi inaua au haiui. Leo ungenambia Mama, kwa kiasi kile mtu hafi. Nimeshasoma hayo. Siku ile sikuyajua. Nilifikiri inawezekana unakufa, na sikuinua simu. Niliweka mkono juu ya kifua chako nikasikiliza pumzi, nikajiambia bado kidogo, ikizidi nitapiga. Kila ilipozidi nilisema bado kidogo. Mariamu alisimama mlangoni na nambari ya teksi mkononi, analia bila sauti, na nilimkatalia kwa jicho. Zuwena hakuondoka kwenye kiti chake. Kitu cha mwisho alichonambia mchana ule kilikuwa hiki: "Usinifanye mimi sababu."

Kabla ya Magharibi ulifungua macho ukaomba maji. Ukayanywa. Ukauliza kwa nini Mama Mkubwa amevaa kama anakwenda harusini. Nilikwenda chooni nikafungua mfereji nisisikike nikilia.

Baba yako aliporudi nikamwambia sumu ya chakula. Akakupapasa kichwa, akakusomea, akaniuliza hospitali wamesemaje. Nikasema umepata nafuu mapema, haikuwa lazima. Alikubali. Lakini Zuwena hakukubali. Kesho yake, wewe umelala, alimwita sebuleni akamwambia yote, toka sandukuni mpaka kopo la maziwa, na akamwambia lawama ni yake, mimi nilimhurumia tu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia kama mtoto.

Baba yako alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, "Shemegi, si ungeniambia pale uwanja wa ndege?" Akajibu kwamba pale asingeweza kumwambia, kwa sababu ya nguo alizovaa. Baba yako akasema, "Na mimi kesho nitazivaa tena. Nitamwambia nini mzee wa Yiti?" Hapo ndipo dada yangu alipomwambia yale maneno uliyoyasema wewe Ijumaa, kwa njia yake. Kwamba yeye ni mtu mmoja, mwili mmoja, na majani ni yale yale. Akapanda ndege mgonjwa, akashuka mkosa. Baba yako alimjibu kwamba yeye haandiki sheria, na kwamba kijana wa Yiti naye alikuwa mtu mmoja. Hakuna aliyepandisha sauti. Ningependa wangegombana.

Biskuti alizichukua baba yako. Alikwenda peke yake na gari, akarudi na kopo tupu, akaliosha kwa mkono wake, akalitupa. Hakunambia alikokwenda. Mimi aliniuliza jambo moja tu, kwa nini sikukupeleka hospitali. Nikamwambia kwa ajili ya kazi yake. Alinitazama, akatoka. Hatukuzungumza tena jambo hilo, si wiki ile wala mwaka ule.

Zuwena aliondoka kabla wiki haijaisha. Hakufukuzwa na mtu. Alisema maumivu hayatamwachia akae bila ya dawa yake, na ndani ya nyumba hii hataila tena. Wewe uliambiwa daktari wake kamwita, ukalia, ukamwandikia kadi. Alifia hospitalini Toronto wakati wa baridi. Viza yangu ilichelewa. Jirani zake na watu wa msikiti wa huko walimwosha na kumzika. Alikuja kwangu ili asife kwa Kiingereza, na akenda akafa kwa Kiingereza. Mariamu naye aliomba ruhusa ya kurudi Tanga mwezi ule ule. Alisema mama yake anaumwa. Nilimpa zawadi nyingi kuliko desturi, akazipokea akiangalia chini.

Sasa utaniuliza niko upande gani kwenye mabishano yenu. Sijui, Thuraya. Darasani kila swali lina jibu lake nyuma ya kitabu. Hili sina. Nikimkumbuka kijana anayezungumza na ukuta, namwelewa Mjomba Khalfan. Nikikumbuka ule mto uliotatuka, nakuelewa wewe. Nchi unayokwenda imeamua kumsikiliza mgonjwa na bado inabishana juu ya mzima. Hii yetu imeamua kutosikiliza mtu, na nyumba nyingi hapa zinalala salama kwa sababu hiyo, na nyumba nyingine hazilali. Siwezi kukuchagulia. Utaona mambo huko nisiyoyaona, utafika mahali majani yanapopitishwa mkono kwa mkono, na mama yako hatakuwa mlangoni. Na siku utakaporudi likizo, mifuko yako yote uipekue mwenyewe kabla ya ndege, kwa sababu unaijua khabari ya Yiti.

Lakini kuna jambo moja nalijua, na nimelilipia. Khofu ya sheria ilinikuta niko mama wa mtu, ikanifanya nisimame kama mlinzi wa jela juu ya mtoto wangu mwenyewe. Sikulazimishwa na polisi. Polisi pekee aliyenihusu alikuwa kazini, hana khabari. Nililifanya mimi, kwa mapenzi, na kila nilipolifikiria nililiita jina zuri.

*

Niliacha kuandika kidogo. Baba yako amerudi peke yake. Amekuacha kwa Mjomba Khalfan, utaletwa baada ya Ishaa. Amenikuta mezani, akaona karatasi zimejaa, akauliza kama ndiyo barua ya safari. Nikampa. Amesoma akiwa amesimama, miwani kwenye paji la uso, karatasi mbali na macho, unavyomjua. Akarudia ukurasa mmoja. Najua ni upi.

Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, angefanya nini lau ningempigia simu kazini siku ile.

Alivuta kiti akakaa. Akasema, "Ningekuja na gari la kazi, na king'ora, na sare. Ningembeba mwenyewe nikamwambia daktari kala bangi, imetoka nyumbani kwangu. Wakitaka kunishika wanishike pale pale. Wewe ulinilinda na kitu ambacho sikukuomba, Rahma, na mtoto ndiye aliyekuwa amelala pale." Kisha akasema kwamba Ijumaa hakuinuka kwa hasira. Aliinuka kwa sababu ulisema kwa sauti ya Zuwena, na hakutaka kulia mbele ya Khalfan.

Nilimuuliza kama nikupe barua hii au niichane. Akasema nikupe, na akasema niongeze la mwisho ambalo ni letu sote wawili. Naliandika kama alivyolisema, ila nimelipunguza ukali.

Ikiwa huko siku moja utamkuta mtu amelala chini, rafiki yako au usiyemjua, na amekula au kavuta au kachoma sindano chochote kile, usifikirie sheria ya nchi wala viza yako wala aibu yetu. Inua simu kwanza. Waambie kala nini. Ya baadaye yatakuwa ya baadaye. Na akiwa aliyelala ni wewe, na bado unaweza kubonyeza nambari, pigia watu wa gari la wagonjwa, kisha tupigie sisi, saa yoyote. Atakayepokea, mimi au yeye, hatakuuliza umekula nini wala umeipata wapi. Atakuuliza uko wapi.

Mama yako,
Rahma